Teknolojia moja pekee haitamaliza misongamano katika barabara kuu

BARABARA Kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, Wakenya wengi waliamini kuwa zama za kuketi ndani ya matatu kwa saa nzima wakitazama kisogo cha gari lililo mbele zilikuwa zimekwisha.

Ilikuwa barabara ya takriban kilomita 50 iliyogharimu zaidi ya Sh30 bilioni. Ilikuwa na leni 8 katika baadhi ya sehemu, madaraja ya kupishanisha magari na vivuko vya juu vya wapita njia. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, utafiti wa kampuni ya IBM ulikuwa umeiweka Nairobi katika nafasi ya nne miongoni mwa miji 20 iliyochunguzwa kuhusu madhila ya wasafiri wanaokwama barabarani.

Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, foleni zingalipo. Magari yanayotoka Thika, Juja na Githurai hupita kwa kasi hadi yanapokaribia jiji, kisha hukwama. Mnamo Mei 2022 barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari yanayolipa ada. Asiye na ada, au anayesafiri kwa matatu inayobeba abiria chini yake, hajaonja sana utamu huo.

Swali linalostahili kuulizwa basi ni hili: Je, dawa ya msongamano ni kuendelea kumwaga lami, au kuna njia ya kuyapanga magari vyema zaidi katika lami iliyopo?

Mataifa yaliyotangulia kujenga barabara kuu yalilazimika kujiuliza swali hilo miongo kadhaa iliyopita. Tajriba yao ina mafunzo mengi, lakini lililo kuu ni moja. Vyombo vya kisasa vya kuongoza magari huleta manufaa makubwa vinapofanya kazi pamoja. Kimoja kikiachwa peke yake huhamisha tatizo tu, na kimoja kikiondolewa katika kundi, vilivyosalia vinaweza kuhatarisha maisha. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu.

Ili kuelewa jambo hilo, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi msongamano unavyozaliwa.

Wahandisi wa uchukuzi hukadiria kuwa leni moja ya barabara kuu inaweza kupitisha takriban magari 2,000 kwa saa, yaani gari moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Idadi inapokaribia kiwango hicho, nafasi baina ya gari na gari hupungua mno. Dereva mmoja akigusa breki kidogo, anayemfuata hukanyaga kwa nguvu zaidi, na wa tano au wa sita husimama kabisa.

Mnamo 2008 watafiti nchini Japani walichapisha matokeo ya jaribio lililothibitisha jambo hilo. Magari 22 yaliwekwa kwenye njia ya duara yenye mzingo wa mita 230, na madereva wakaombwa waendeshe kwa mwendo sawa wa takriban kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na makutano, taa, shimo wala ajali. Hata hivyo, baada ya muda mfupi foleni ilizuka yenyewe, ikawa inarudi nyuma kama wimbi kutoka gari moja hadi jingine.

Kinaya ni kwamba barabara ikishakwama, hupitisha magari machache kuliko ilivyokuwa ikipitisha kabla ya kukwama. Hali hiyo inafanana na ile ya abiria wanaong'ang'ania mlango wa matatu mvua inaponyesha. Wakipanga foleni, gari hujaa haraka. Wakisukumana, watatu hubanana mlangoni na hakuna anayeingia. Kwa sababu hiyo, lengo la teknolojia zote za kuongoza magari ni kuzuia barabara isifike hatua hiyo ya kubanana, maana ikishafika, kuikwamua huchukua muda mrefu.

Vyombo vinavyotumika kwa shabaha hiyo ni vingi, lakini vinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

La kwanza ni taa zinazowekwa kwenye njia za kuingilia barabara kuu. Taa hizo huruhusu gari moja au mawili tu kuingia kila baada ya sekunde chache, badala ya kundi zima kujitosa kwa mpigo. La pili ni mabango ya kielektroniki juu ya barabara yanayobadilisha kikomo cha kasi kulingana na wingi wa magari, na kuwaonya madereva kuhusu hatari iliyo mbele. La tatu ni kugundua tatizo na kuliondoa. Katika fungu hili mna vitambuzi vilivyofukiwa chini ya lami, kamera, kituo cha udhibiti na magari ya doria yenye uwezo wa kuvuta gari lililoharibika.

Kila fungu lina upungufu wake. Taa za kuingilia zikiwa peke yake zinaweza kuirudisha foleni hadi katika barabara za mitaani. Kikomo cha kasi kinachobadilika hupunguza breki za ghafla, lakini hakizuii magari mapya kumiminika. Nazo kamera huona ajali, ila kuona si kuondoa.

Suala la ajali si dogo. Leni moja kati ya tatu inapozibwa na gari lililogongwa, mtu angedhani barabara inapoteza theluthi moja ya uwezo wake. Vipimo vinavyotumiwa na wahandisi huonyesha kuwa inapoteza takriban nusu, kwa kuwa madereva katika leni mbili zilizosalia hupunguza mwendo ili kupenya, na wengine ili kutazama. Kila dakika inayopita kabla ya gari hilo kuondolewa huongeza foleni ambayo itachukua muda mrefu zaidi kuisha.

Mafungu hayo yanapounganishwa, kila kimoja huziba pengo la kingine. Vitambuzi hubaini kuwa mwendo umeanza kupungua. Mabango hushusha kasi ya magari yaliyo kilomita kadhaa nyuma ili yasifike kwa kishindo. Taa za kuingilia hupunguza idadi ya wanaojiunga, huku gari la kuvuta likiwa tayari njiani. Hayo yote hufanyika kabla ya dereva wa kawaida kutambua kwamba kuna tatizo.

Je, kuna ushahidi kuwa mambo hayo hufaa, au ni ndoto za wauzaji wa mitambo? Jimbo la Minnesota nchini Marekani lilitoa jibu kwa njia isiyo ya kawaida.

Kufikia mwaka 2000, miji pacha ya Minneapolis na St. Paul ilikuwa na takriban taa 430 katika njia za kuingilia barabara zake kuu. Wakazi wengi walizichukia. Walilalamika kuwa walisubiri dakika nyingi kwenye taa ilhali waliiona barabara kuu ikipitika vizuri mbele yao. Baadhi ya wanasiasa walidai taa hizo ndizo zilizosababisha msongamano, na bunge la jimbo likaamuru zizimwe ili ukweli ujulikane.

Taa zote zilizimwa katikati ya Oktoba mwaka huo na kubaki hivyo hadi mapema Desemba, huku wataalamu wa nje wakipima hali kabla na baada ya kuzimwa. Matokeo yalikuwa wazi. Bila taa hizo, idadi ya magari yaliyopita katika barabara kuu ilipungua kwa asilimia 9, muda wa safari uliongezeka kwa asilimia 22, na ajali zikaongezeka kwa asilimia 26.

Tathmini hiyo ilikadiria kuwa taa hizo ziliwaletea wakazi faida ya takriban dola 40 milioni kwa mwaka. Hata gharama ya mfumo mzima, yaani kamera, vitambuzi, mabango na doria, ilipojumlishwa, faida ilikuwa mara 5 ya gharama. Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu taa zisizo na vitambuzi vya kuziambia hali ilivyo barabarani haziwezi kujua wakati wa kufungulia magari na wakati wa kuyazuia.

Hata hivyo, malalamiko ya wananchi hayakupuuzwa. Taa ziliporejeshwa, baadhi ziliachwa zikiwa zimezimwa na masharti mapya yakawekwa: hakuna dereva angesubiri zaidi ya dakika 4 kwenye njia ya kawaida ya kuingilia, wala zaidi ya dakika 2 pale barabara kuu moja inapojiunga na nyingine. Wahandisi walikuwa wamekokotoa mwendo wa magari na kusahau subira ya binadamu. Jaribio hilo liliwalazimu kuvipima vyote viwili.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, nao una pande mbili.

Nchi hiyo ilianza kutumia vikomo vya kasi vinavyobadilika katika sehemu ya barabara ya M25, inayozunguka London, mnamo 1995. Mnamo Septemba 2006 ilipiga hatua zaidi katika barabara ya M42 karibu na Birmingham. Katika kipande cha kilomita 17, madereva waliruhusiwa wakati wa msongamano kutumia ukingo wa lami ambao kwa kawaida hutengewa magari yaliyoharibika. Kwa njia hiyo barabara ilipata leni ya nne bila kupanuliwa.

Kuruhusu magari kwenye ukingo wa dharura ni jambo la hatari, na wahandisi walilifahamu hilo. Kwa hivyo walilizungushia kinga kadhaa. Mabango yaliwekwa juu ya barabara kila baada ya takriban mita 500. Vituo vya kuegesha magari yenye matatizo vilijengwa kwa umbali kama huo, vikiwa na simu za dharura. Kamera ziliwekwa ili wahudumu wahakikishe kuwa ukingo uko wazi kabla ya kuufungua, na kasi ikashushwa hadi maili 50 kwa saa, yaani takriban kilomita 80, kila ulipofunguliwa.

Matokeo ya miezi ya kwanza yaliwafurahisha wengi. Muda wa safari wakati wa msongamano wa jioni ulipungua kwa asilimia 26 kwa magari yaliyoelekea kaskazini na asilimia 9 kwa yaliyoelekea kusini. Ajali zilizojeruhi watu zilishuka kutoka zaidi ya 5 kwa mwezi hadi chini ya 2. Kushuka kwa muda, mafuta na ajali kwa pamoja si jambo linaloonekana kila siku katika uhandisi wa barabara.

Hapo ndipo tamaa ilipoingia. Serikali ilivutiwa na wazo la kupata leni mpya bila gharama ya kupanua barabara, na kuanzia 2014 ikafungua barabara za aina mpya ambazo ukingo wa dharura uligeuzwa kuwa leni ya kudumu. Lakini baadhi ya kinga za M42 zilipunguzwa. Umbali kati ya kituo kimoja cha kuegesha na kingine uliruhusiwa kufika kilomita 2.5. Aidha, rada za kutambua gari lililosimama katikati ya leni hazikuwekwa katika barabara nyingi zilipofunguliwa.

Dereva ambaye gari lake lilizimika kati ya vituo viwili alijikuta amesimama mbele ya malori yanayokuja kwa kasi, akiomba kwamba mhudumu fulani amwone kwenye kamera na kuifunga leni hiyo. Wengine hawakuonwa kwa wakati. Mnamo Januari 2020 kipindi cha Panorama cha shirika la BBC kiliripoti kuwa watu 38 walikuwa wamefariki katika barabara hizo kwa muda wa miaka 5.

Serikali ilijitetea kwamba kwa jumla vifo katika barabara hizo vilikuwa vichache kuliko katika barabara kuu za kawaida. Hata hivyo, takwimu zake zenyewe zilikiri kuwa hatari ya gari lililosimama kugongwa ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo ukingo wa dharura ulikuwa umeondolewa. Mnamo Januari 2022 ujenzi wa barabara mpya za aina hiyo ulisimamishwa, huku pauni 900 milioni zikitengewa uimarishaji wa usalama katika zilizopo. Mnamo Aprili 2023 serikali ya Waziri Mkuu Rishi Sunak ilifutilia mbali mipango yote ya kujenga nyingine.

Wapo wanaosema kisa hicho kinathibitisha kuwa teknolojia haifai kuaminiwa barabarani. Huo si uchambuzi wa haki. Teknolojia ilikuwa ile ile iliyofaulu katika M42. Kilichobadilika ni kuwa waliopanga walichukua kiungo kilicholeta faida ya haraka, yaani leni ya ziada, wakapunguza viungo vilivyolinda maisha.

Kenya ina nini cha kujifunza kutokana na hayo yote?

Kwanza, tusijidanganye kuwa somo hili ni geni kwetu. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa mnamo Februari 2004, matatu zililazimika kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, madereva na utingo wakavaa sare, na polisi wakawa macho. Nidhamu ilionekana barabarani kwa sababu mambo hayo yaliletwa kwa pamoja. Usimamizi ulipolegea, kidhibiti mwendo kikabaki kuwa kifaa cha kuonyeshwa siku ya ukaguzi na kuchezewa siku nyingine zote.

Taa za barabarani jijini Nairobi zina hadithi iyo hiyo. Ni jambo la kawaida kumwona afisa wa polisi akisimama katikati ya makutano na kuelekeza magari kwa mikono ilhali taa zinawaka juu ya kichwa chake. Afisa huyo hana lawama yote, kwa maana taa isiyojua urefu wa foleni humlazimu mtu kuingilia kati. Lakini naye huona makutano yake tu. Anapofungulia magari upande mmoja kwa dakika 10, hana habari ya foleni anayoizalisha kwenye makutano yanayofuata.

Pili, kuna suala la mamlaka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizigawa barabara zetu baina ya KeNHA, KURA na KeRRA. Mamlaka ya NTSA iliundwa mnamo 2012 kusimamia uchukuzi na usalama. Mnamo 2017 ikaundwa NaMATA kushughulikia uchukuzi katika eneo la Nairobi. Isitoshe, kuna serikali za kaunti na idara ya trafiki ya polisi. Gari linalotoka Thika hadi katikati ya jiji hupitia mikononi mwa taasisi hizo karibu zote.

Kila moja ina jifya lake. Nani atakayeinjika chungu? Kamera za taasisi moja zisipounganishwa na taa za nyingine na magari ya kuvuta ya nyingine, tutakuwa tumenunua mitambo ya kupamba barabara. Uingereza ilikuwa na pesa na wataalamu, na bado ilijikwaa kwa kuacha viungo viwili nje ya mfumo.

Tatu, ni lazima tuulize nani atanufaika na nani atasubiri. Taa za kuingilia humpendelea anayetoka mbali, ambaye tayari yumo barabarani, na kumchelewesha anayeishi karibu na jiji. Zikiwekwa katika Barabara ya Thika bila busara, mkazi wa Roysambu atasubiri ili wa Juja apite. Minnesota ilipunguza dhuluma hiyo kwa kuweka ukomo wa kusubiri, na katika baadhi ya njia za kuingilia ikatenga leni ya mabasi na magari yaliyobeba zaidi ya mtu mmoja ili yasikwame kwenye taa.

Hapa kwetu, ambako matatu moja hubeba abiria wengi kuliko magari 10 ya kibinafsi yenye dereva peke yake, utaratibu huo wa mwisho ungekuwa msingi wa mpango mzima. Sharti lingekuwa kwamba matatu nazo ziache kubeba na kushusha abiria katikati ya leni za kasi, maana hakuna kompyuta inayoweza kutabiri gari litakalosimama ghafla kwa kuwa utingo ameona mteja.

Nne, mahali pa kuanzia si kwenye kifaa cha bei ghali. Magari ya kuvuta yaliyowekwa tayari saa za msongamano na nambari moja ya simu inayojibiwa yangeleta nafuu kabla ya kamera ya kwanza kununuliwa. Baada ya hapo vitambuzi, mabango na taa vingeongezwa katika barabara moja iliyochaguliwa, kwa mfano kipande cha Barabara ya Thika kilicho karibu na jiji, vikiwa chini ya kituo kimoja cha udhibiti chenye amri juu ya wote wanaohusika.

Tano, lazima kuwe na kupima. Minnesota haikubishana milele, ilizima taa na kuhesabu. Serikali yoyote itakayoweka mitambo hii kwa pesa za mlipa ushuru inafaa kutangaza kabla ya kuanza muda wa safari na idadi ya ajali ilivyo, kisha itangaze tena baada ya mwaka mmoja. Takwimu hizo zisipotolewa, mwananchi atakuwa na kila sababu ya kushuku kuwa aliyenufaika ni mwenye zabuni.

Hata yote hayo yakitekelezwa kikamilifu, teknolojia haiwezi kuugeuza msongamano kuwa hekaya ya kale. Barabara ikipitika vizuri huvutia magari zaidi, na jiji linalokua bila mabasi na reli za kutosha litazidi kuzidiwa. Mitambo hii hunyonya uwezo wote uliomo katika lami iliyopo, lakini haiumbi lami mpya. Usafiri wa umma ungali dawa ya kudumu.

Lakini tofauti ya asilimia 22 katika muda wa safari si ndogo kwa mzazi anayetaka kumkuta mtoto wake akiwa macho jioni. Tofauti ya asilimia 26 katika ajali si ndogo kwa wanaosubiri mwenzao arejee nyumbani. Manufaa hayo yanapatikana. Wanaoshika hatamu za barabara zetu wanachopaswa kuamua ni kama watayanunua kwa ukamilifu wake, au watachukua kipande kinachong'aa na kumwachia dereva aliyekwama gizani gharama ya kilichosalia.